HDCP kwenye draiva ya kipokezi cha HDMI
Ukiandika draiva ya kipokezi cha HDMI, zoea malalamiko haya: “Kaka, kadi inaona 1080p vizuri, mbona skrini ni chenga tupu?” Sababu ipo. HDCP 1.4, kinga ya HDMI dhidi ya kunakili, husimba picha na sauti, lakini mapigo ya kupanga mistari na fremu huyaacha wazi. Chipu inapima ukubwa wa picha bila shida huku picha yenyewe haisomeki.

Amua kwanza kama kipokezi chako kiitikie HDCP au kinyamaze. Chanzo (kifaa kinachotuma picha) hukitafuta kwenye waya za DDC, anwani 0x74 (Linux itakuonyesha 0x3A, kwa kuwa huhesabu biti 7). Kama huna funguo zenye leseni, anwani hiyo isijibu kabisa. Chipu ikijibu bila ufunguo, chanzo kinasoma Bksv ya sifuri tupu ilhali biti zake 40 lazima ziwe na moja 20 na sifuri 20. Kitakataa, kitajaribu tena, na picha itawaka na kuzimika hadi mteja akurudishie kifaa. Ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja mwaka 2010 na Intel ikakiri, ila kuutia kwenye bidhaa ni kujitafutia kesi.

Mpangilio ni huu: shusha HPD (waya inayokijulisha chanzo kuwa kipokezi kipo), andika EDID, weka hali ya HDCP, subiri zaidi ya milisekunde 100, ndipo uipandishe HPD. Mtumiaji akibadili HDCP baadaye, rudia yote, la sivyo chanzo hakitajua kuna jipya.

Swichi ya kuwasha na kuzima HDCP mpe mtumiaji, tafadhali. Zipo kompyuta zinazosimba kila kitu zikiona tu kipokezi kinaijua HDCP, hata kama kilichopo ni jedwali la mishahara. PS5 ina swichi yake yenyewe: ukiizima unarekodi mchezo, lakini programu za filamu hazichezi.

Kilichobaki ni kusema ukweli. Picha iliyosimbwa usiiite “hakuna mawimbi”. Mtu atabadilisha kebo nzima bure. V4L2 ya Linux ina V4L2_IN_ST_NO_ACCESS mbali na V4L2_IN_ST_NO_SIGNAL, itumie. Draiva ya TC358743 ya Toshiba, chipu ya zile bodi zinazochomekwa kwenye tundu la kamera la Raspberry Pi, huandika kabisa kwenye v4l2-ctl --log-status kama kinachoingia kimesimbwa. Iga hapo.