SOMO: Faili ya Ofisi Ikikataa Kufunguka



Siku hizi ofisi nyingi za vikundi na miradi huweka daftari zao katika kompyuta moja, yaani seva, na wafanyakazi wote huzifikia kupitia mtandao wa ofisi. Jambo hili ni zuri, kwa sababu daftari linabaki moja. Lakini kuna siku faili inakataa kufunguka, ama inafunguka na haikubali kuandikwa. Hapo ndipo watu hukimbilia kutengeneza faili nyingine.

Haraka hiyo ina hasara. Tuseme kikundi cha akina mama kinakopeshana pesa. Karani mmoja anaandika malipo katika faili ya zamani, mwingine katika ile aliyoipa jina "mpya". Mama mmoja amelipa shilingi 500, lakini malipo yake yako upande mmoja tu. Siku ya mkutano anasomwa kama mwenye deni mbele ya wenzake. Aibu hiyo haiondoki kwa kusema ati ni makosa ya kompyuta.

Kwa hivyo tujiulize kwanza: mgonjwa ni faili, ama ni njia ya kuifikia?

Jinsi ya kujua

1. Jaribu kufungua faili nyingine katika folda ileile. Kama hakuna inayofunguka, angalia waya, swichi ya mtandao na seva yenyewe. Pengine stima ilipotea na kitu kimoja hakijawashwa tena.

2. Mwombe mwenzako aijaribu kwa kompyuta yake. Ikifunguka kwake, shida iko kwa mashine yako au kwa ruhusa uliyopewa.

3. Nakili faili kwenye kompyuta yako, ufungue hiyo nakala. Ni ya kujaribu tu. Usiandike malipo ndani yake. Ikifunguka vizuri, faili ni nzima. Ikikataa kwa mashine mbili, huenda faili imeharibika.

Sababu za kawaida

(a) Mtu mwingine ameifungua. Kwa kawaida Word na Excel humwachia wa kwanza kuandika, na wa pili husoma tu. Programu hizi huweka kando faili ndogo iliyofichwa, jina lake likianza na alama ~$. Stima ikipotea ghafla, faili hiyo ndogo inaweza kubaki, ukaambiwa fulani bado anaandika, kumbe alienda nyumbani kitambo. Hakikisheni hakuna aliyeifungua, kisha mtunza seva aiondoe.

(b) Ruhusa. Katika seva ya Windows kuna ruhusa ya folda inayotumiwa na wote, na kuna ruhusa ya faili zilizo katika diski. Zikitofautiana, ile kali zaidi ndiyo inashinda.

(c) Jina refu. Programu nyingi za Windows hushindwa ikiwa jina la faili, pamoja na folda zote zilizo juu yake, limepita herufi 260 hivi. Fupisha majina.

Ikiwa faili imeharibika

Usiifute, wala usiseivu kitu juu yake. Tengeneza nakala, na ujaribu kuirekebisha hiyo nakala. Ikishindikana, chukua nakala ya akiba ya mwisho. Kisha mtu mmoja, na awe mmoja tu, aingize malipo yaliyofuata akitumia vitabu vya risiti. Ndiyo sababu risiti za karatasi hazitupwi hata kama ofisi ina kompyuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika ofisi yenu, ni nani anayetunza seva? Asipokuwepo, ni nani?

2. Nakala ya akiba ilifanywa lini mara ya mwisho? Kuna mtu amewahi kujaribu kuifungua?

3. Mwanachama akisema amelipa, na kompyuta ikisema hajalipa, mtaangalia nini kabla ya kumwita mdaiwa?