Lipasi, Esta na Mlango Sahihi wa Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Hapa Gikondo tukizungumzia halali, mara nyingi tunaishia kwenye nyama. Lakini soma lebo ya mafuta yako ya kujipaka, utakuta isopropili miristati. Soma lebo ya keki, utakuta E471. Vyote hivyo ni esta. Nikiulizwa hukumu yake, muulizaji mara nyingi hujijibu mwenyewe: "Si kuna istihala?" Ndiyo, ipo. Lakini kabla ya kuitaja, tujue kwanza kiwandani kilichobadilika ni kipi.

1. Esta hutengenezwaje?

Asidi ikiungana na alkoholi, maji hutoka na esta hupatikana. Neno alkoholi lisikutishe: kwa wanakemia ni jina la kundi kubwa, na hata glisarini imo. Si kila alkoholi ni khamri. Mafuta ya kupikia yenyewe ni esta za glisarini na asidi za mafuta. Tukiyala, kimeng'enya kiitwacho lipasi, kinachotoka kwenye kongosho, huyavunja ndani ya utumbo.

Kazi hiyo inaweza kugeuzwa. Penye maji mengi lipasi huvunja esta. Maji yakiondolewa, huziunganisha. Mwaka 1984, Zaks na Klibanov nchini Marekani walionyesha lipasi ikifanya kazi ndani ya vimiminika visivyo na maji kwa nyuzijoto 100. Lipasi hiyo ilitoka kwenye kongosho la nguruwe.

Kwa njia ya zamani, kiwanda hupasha moto mchanganyiko hadi zaidi ya nyuzijoto 150, pamoja na asidi kali au kichocheo cha madini. Lipasi huifanya kazi hiyo kwa nyuzijoto 60 hivi. Moto hupungua, na esta hutoka bila rangi na harufu nyingi za kuondoa. Kwa kuwa lipasi ni ghali, hushikizwa kwenye chembe ndogo za plastiki. Kazi ikiisha, esta huchujwa, na chembe hutumika tena.

Sisi wa Gikondo, ambako viwanda vilihamishwa kutoka bondeni kwenda Masoro ili kinamasi kipone, hatuhitaji kuelezwa sana faida ya kiwanda kisichochafua.

2. Istihala inaingia wapi?

Istihala ni kitu najisi kubadilika kikawa kitu kingine. Mahanafi wameipanua: nguruwe aliyeangukia kwenye chumvi akageuka chumvi, au mafuta najisi yaliyofanywa sabuni, vyote wamevihukumu kuwa tohara. Mashafii wameibana: khamri iliyogeuka siki yenyewe, ngozi iliyodibaghiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na machache mengine.

Sasa tazama kiwanda. Mafuta yamebadilika, yamekuwa esta. Ikiwa asili yake ni nguruwe, hapo ndipo mjadala wa istihala unapohusika.

Lakini lipasi je? Lipasi ni kichocheo, na sifa ya kichocheo ni kwamba huharakisha kazi na chenyewe kikabaki kilivyokuwa. Ndiyo maana hutumika tena kesho. Kisichobadilika hakina istihala. Ikiwa imetoka kwa nguruwe, swali lake ni la mlango mwingine: kimiminika kilichogusana na najisi. Kwa Mashafii, najisi ya nguruwe ni nzito, na mafuta ya maji yakishanajisika hayasafishiki kwa kuoshwa. Hata anayeichukua rai ya Kihanafi hajamaliza kazi, kwa sababu esta iliyokwisha kutengenezwa huendelea kugusana na lipasi ileile mpaka ichujwe.

Alhamdulillah, lipasi inayotumika sana viwandani leo kwa kazi hii ni ya hamira iitwayo Candida antarctica, na huzalishwa ndani ya kuvu. Basi nguruwe si lazima. Lakini kutokuwa lazima si sawa na kutokuwepo.

3. Tuulize nini?

Ndugu mnaosoma biashara hapa Gikondo, kesho ninyi ndio mtakaonunua malighafi na kukagua mikataba. Andikeni maswali matatu:

- Asidi za mafuta zimetoka kwenye mmea au mnyama? Mnyama gani, na alichinjwaje?
- Kichocheo kilikuwa kipi? Kama ni lipasi, ni ya kuvu, hamira au kongosho?
- Kama ni ya kuvu au hamira, ilikuzwa kwa chakula gani?

Jibu la "bidhaa haina nguruwe ndani yake" halitoshi, kwa kuwa kichocheo huchujwa na hakiandikwi kwenye lebo. Vilevile tusiharamishe kwa dhana: asili ya vitu ni uhalali, na E471 yaweza kutokana na mawese matupu. Mwenye kukosa jibu ana hadithi ya An-Nu'man bin Bashir kuhusu mambo yenye kutatiza. Na kwa fatwa, tuwarejee masheikh wetu tukiwa na majibu ya kiwanda mkononi. Mufti hutoa hukumu kulingana na swali alilopewa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.