Somo la Afya: Miguu Yetu, Tangu Utoto Hata Uzee



Somo letu la safari hii si la bei ya karafuu wala la namna ya kuzianika. Ni la kitu kinachotupeleka shamba na kuturudisha nyumbani, nacho ni miguu yetu. Tunawaomba wazee watuwie radhi ikiwa tutawasomesha jambo walilolijua kabla hatujazaliwa. Sababu ipo, nayo tutaitaja kwanza.

Yuko mwanachama mwenzetu, mtu mzima, ambaye zamani akipanda mkarafuu hapana kijana aliyethubutu kushindana naye. Sasa anakaa kwa mwanawe huko Pangani. Si Pangani ya mtoni, mkoa wa Tanga, bali ile ya Kibaha katika Mkoa wa Pwani. Tulikwenda kumtazama. Tulivuka bahari mpaka Dar es Salaam, tukapanda gari kwa njia ya Morogoro hata Kibaha, kisha tukaingia Pangani. Tulimkuta barazani, kanzu yake safi, maneno yake matamu kama tulivyomjua. Lakini mguu wake wa kushoto, toka chini ya goti, haupo tena.

Tulipomwuliza yaliyomsibu alijibu, "Msitafute mchawi, wanangu. Ni msumari tu."

Khabari yenyewe ni hii. Wakati wa mavuno alikanyaga msumari karibu na majamvi ya kuanikia, nao haukumuuma. Alikwenda nao siku mbili bila ya kujua, hata mkewe alipoona damu juu ya mkeka. Kumbe alikuwa na maradhi ya sukari, wala hajapata kupimwa. Alitia majivu, akatia mafuta ya karafuu, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi, maana karafuu hazingoji mtu. Alipofika hospitali wiki tatu zilikuwa zimepita, na vidole vimekwisha kuwa vyeusi.

Na sisi tuna lawama yetu. Siku ile ya kupima karafuu tulikiona kile kitambaa, na harufu yake tuliisikia. Tuliona haya kumwuliza mkubwa wetu. Ndiyo maana leo tunaandika.

MGUU NA MLINZI WAKE

Kila mguu, toka kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 26. Miguu miwili ina mifupa 52, yaani karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Mifupa hiyo imefungwa kwa mishipa na nyama, na nje imevikwa ngozi, nayo katika wayo ni nene kuliko mahali pengine. Ngozi ni ukuta, na maumivu ni mlinzi. Mwiba ukiingia, mlinzi hupiga kelele. Basi mguu unaouma una ulinzi bado. Mguu wa kuogopwa sana ni ule uliojeruhiwa usiume, kwani ukuta umebomoka na mlinzi amelala.

WATOTO

Mtoto akizaliwa, yapasa miguu yake itazamwe. Ikiwa wayo umepinda kuelekea ndani, apelekwe hospitali katika wiki zake za kwanza. Tabibu huunyosha mguu kidogo kidogo kwa mikono na kuufunga plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki. Baadaye mtoto huvalishwa viatu maalumu vya kulalia kwa miaka kadhaa. Njia hii aliieneza Dk. Ignacio Ponseti huko Marekani, na leo inatumika Tanzania pia, kama katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mtoto wa namna hii si wa kufichwa. Ama mtoto mchanga ambaye wayo wake ni bapa, huyo hana ugonjwa. Uvungu wa wayo huja akikua.

Adui wa pili wa watoto ni safura. Mayai ya mnyoo huyu hutoka na kinyesi cha mtu. Yakianguka penye udongo wenye kivuli na unyevu huanguliwa, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huingia katika damu, hupita mapafuni, na mwisho hukaa utumboni kuinyonya damu. Kivuli na unyevu ndiyo hali ya chini ya mikarafuu yetu. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwapima watoto wa skuli za Pemba, wakaona kuwa safura ilikuwa sababu kubwa ya kupungukiwa na damu. Basi mzazi anayemwona mwanawe amepauka na hana nguvu, asimwite mvivu, ampeleke kupimwa. Na kila shamba liwe na choo, khasa wakati wa mavuno ambapo watu ni wengi.

Adui wa tatu ni tekenya, yaani funza. Mgeni huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alifika Angola kwa meli iliyotoka Brazil, akavuka bara katika miguu ya wasafiri, na kabla ya karne ile kwisha alikwisha kufika pwani yetu. Jike lake huingia katika ngozi, khasa pembeni mwa kucha, hujaa mayai na kuvimba kama punje ya mtama. Kumchokoa kwa pini moja inayozunguka watoto wote wa nyumba ni hatari, kwa kuwa pini huchukua maradhi ya huyu na kumpa yule. Huko Kenya wataalamu wamejaribu mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba pumzi afe bila ya kuchokolewa. Atakayelazimika kumtoa, atumie sindano mpya, aoshe kwa sabuni kabla na baada ya kutoa, na chanjo ya pepopunda iwe imetimia. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku.

VIJANA NA WACHUMAJI

Mchumaji hupanda mti kwa vidole vya miguu, na hatuwezi kumwambia apande kwa viatu. Lakini akishuka hapana sababu ya kutembea miguu mitupu juu ya miba, vigae na misumari. Kiatu chake kimngoje shinani.

Mchomo wa msumari au mwiba una tundu dogo na kina kirefu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, nao hupenda pahala pa ndani pasipofika hewa. Jeraha la namna hii lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi na sabuni, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo aulizwe chanjo yake. Majivu, tumbaku na kinyesi cha mnyama haviwekwi katika kidonda hata siku moja.

Na mafuta ya karafuu je? Sisi wakulima wake ndio tunaopasa kusema kweli. Mafuta haya hutia ganzi, ndiyo sababu husaidia jino. Lakini kutia ganzi si kuponya, na yakiwa makali huiunguza ngozi. Katika kidonda cha mguu humnyamazisha mlinzi, huku mwizi yumo ndani.

Kadhalika wako wanaowashwa baina ya vidole mpaka ngozi ikawa nyeupe na kuchanika. Hiyo ni fangasi, nayo hupenda unyevu. Tiba ni dawa ya kupaka kwa siku zote alizosema tabibu, na kukausha vidole kimoja kimoja. Sisi tunaotawadha tuna bahati: mara tano kwa siku tunaosha miguu na kupitisha kidole baina ya vidole. Walakini wengi wetu hutoka hapo na kuvaa soksi na miguu bado mibichi. Weka kitambaa kikavu karibu.

MATENDE

Matende huletwa na minyoo midogo sana inayochukuliwa na mbu, si kwa uchawi wala kwa kukanyaga kitu kibaya. Mbu wa mijini huzaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, vilimwagwa vipande vyepesi vya polistirini juu ya maji ya vyoo, na watu wakapewa dawa, mbu na maradhi yakapungua. Ugawaji wa dawa kwa watu wote ulianza Mafia mwaka 2000, na Zanzibar mwaka 2001. Dawa hizi huzuia maradhi yasienee, lakini mguu uliokwisha kuvimba miaka mingi haurudi kwa vidonge peke yake. Mwenye mguu huo auoshe kila siku kwa sabuni, aukaushe katika mikunjo yote, auinue anapokaa, na atibu kila mchubuko. Akifanya hivyo homa na maumivu ya mara kwa mara hupungua. Tusimcheke wala tusimtenge.

WATU WAZIMA NA WAZEE

Hapa tunarudi kwa mwenzetu wa Pangani. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu neva za miguu na kuziba mishipa ya damu. Mguu hufa ganzi, na kidonda hakipati damu ya kukiponya. Madaktari wa Dar es Salaam wamepata kuandika khabari za wagonjwa wa sukari waliotafunwa vidole na panya usiku, nao wasiamke. Katika miaka ya 2000 mmoja wao, Dk. Zulfiqarali Abbas, aliongoza mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuitunza miguu ya wagonjwa hawa, ili isikatwe pasipo lazima.

Mwenye sukari asitembee miguu mitupu hata ndani ya nyumba. Asiote moto wala kuroweka miguu katika maji ya moto. Kabla ya kuvaa kiatu atie mkono ndani, atoe kijiwe au msumari. Akilala afunike miguu yake. Sugu asizikate kwa wembe.

Wazee wengine husumbuliwa na magaga visiginoni. Waloweshe miguu kidogo kwa maji ya uvuguvugu (asiye na sukari), wasugue taratibu, kisha wapake mafuta ya nazi, lakini si baina ya vidole. Magaga yanayotoa damu ni mlango wa maradhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KANUNI ZA KILA SIKU

1. Osha miguu kwa sabuni kila jioni, ukaushe baina ya vidole.
2. Itazame juu na chini. Asiyeweza kujiinamia aweke kioo chini, au amwombe mjukuu.
3. Kata kucha kwa kunyoosha, usizichimbe pembeni zisije zikaingia nyamani.
4. Nunua viatu alasiri, maana miguu huvimba kidogo mchana. Kiatu kinachobana dukani hakitapanuka nyumbani.
5. Kila mtu mzima apime sukari, khasa mwenye kiu nyingi, anayekwenda haja ndogo mara kwa mara, au ambaye kidonda chake hakiponi.

Ukiona wekundu unaopanda, harufu, usaha, kidole kuwa cheusi, au jeraha lisilouma, usingoje karafuu zikauke. Nenda hospitali siku hiyo: Wete, Chake Chake au Mkoani kwa walio kisiwani, Tumbi kwa walio Kibaha.

Mzee wetu tulipomuaga alituonyesha kioo kidogo kilichowekwa penye kizingiti. Kila asubuhi hukiweka chini ya mguu uliobaki akautazama wayo wake. Akasema, "Huu mmoja naulinda kama nilivyokuwa nikilinda shamba." Kisha akatutuma tuwaambie: atakayemwona mwenzake na kitambaa mguuni, amwulize. Haya haijapata kumponya mtu.

Basi msimu huu, kwenye mizani, tutauliza. Tunaomba msituone watovu wa adabu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama