Tumbo Linalouma Kila Mara: Ni Maradhi au Kisingizio?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika kila darasa hakosi mtoto ambaye asubuhi hushika tumbo, akaachwa nyumbani, na ikifika alasiri yumo uwanjani anacheza mpira. Wiki ya pili mambo ni yale yale. Hapo ndipo wengine hukata hukumu: mvivu huyu, hataki kuhifadhi!

Daktari John Apley wa Bristol, Uingereza, na mwenzake walichunguza wanafunzi 1,000, na mwaka 1958 wakaeleza kuwa takriban mmoja katika kila kumi ana maumivu ya namna hii, yaani yamemjia si chini ya mara tatu katika miezi mitatu na kumzuia shughuli zake. Wengi wa watoto kama hawa hawakutwi na ugonjwa. Lakini kutokuonekana ugonjwa si kusema mtoto ni mwongo. Utumbo una mishipa ya fahamu inayowasiliana na ubongo, na hofu ya mtihani, ya bakora au ya mwenziwe anayemwonea huleta maumivu ya kweli kabisa.

Basi kwanza mtoto aonyeshe kwa kidole panapouma. Apley alifundisha kuwa kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa ugonjwa unavyozidi. Kisha mama aandike kwenye daftari kwa wiki mbili: siku gani, saa ngapi, amekula nini, amepata choo lini na kilikuwaje.

Hilo la choo tulitazame vizuri. Wapo watoto, hasa wasichana, wanaojibana tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu choo cha skuli hakina mlango au hakina maji ya kustanji. Choo kikikaa hukauka. Kukitoa kunauma, naye huzidi kujibana. Huyu apewe maji, matunda na mboga, akae chooni baada ya chakula bila kuharakishwa. Isipotosha, hospitali ipo dawa ya kulainisha. Na kamati za skuli na madrasa zitie vitasa!

Minyoo kwetu ni ya kawaida na kipimo chake ni rahisi. Mkojo wenye damu kwa anayeoga mabwawani, kifikiriwe kichocho.

Haya hayangoji daftari: kupungua uzito au kutokua, kuamshwa na maumivu usiku, damu katika choo, kutapika nyongo ya kijani, homa, au maumivu chini upande wa kulia. Haya ya mwisho yakija ghafla huenda ni kidole tumbo. Aende hospitali siku ile ile, asikandwe wala asipewe haluli. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu dawa, aliwaambia wajitibu.

Nawe mwanafunzi, ukiulizwa sema yote, hata la aibu, hata kama anayekutia hofu ni mkubwa kwako.

Wabillahi tawfiq.