Kusikiliza Nako ni Elimu: Saikolojia ya Kisheria na Kazi Zake



Katika mikutano yetu na wananchi wa Gatumba, Nyanza-Lac, Mabanda na Kobero, swali moja hujirudia kutoka kwa wazazi: kijana anayependa kazi ya haki, lakini hana nia ya kuvaa sare wala ya kuwa wakili, asomee nini? Jibu mojawapo ni elimu ambayo bado haijazoeleka kwetu, nayo ni saikolojia ya kisheria. Somo la toleo hili linaeleza elimu hiyo, njia ya kuifikia na kazi zinazotokana nayo. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha thamani yake.

Kosa lililotufunza

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa zamu katika kituo kimoja cha mpakani, aliletwa kwetu msichana mdogo aliyekuwa akivushwa na mwanamume asiye ndugu yake. Mtoto yule aliulizwa na mlinzi wa kizuizi, kisha na sisi, kisha na mkubwa wetu, kisha na mwendesha mashtaka. Kila mmoja aliuliza kwa haraka na kwa nia njema. Tulimwambia: “Alikuahidi kazi ya ndani, sivyo?” Naye akaitikia. “Alikutisha usiseme, sivyo?” Akaitikia tena.

Mbele ya mahakama, hakimu alimwuliza maneno yale ameyapata wapi. Mtoto akajibu bila hila: “Kwa polisi.” Kesi ikaishia hapo, na mwanamume yule akaenda zake. Kama alikuwa na hatia, aliponea kwetu. Kama hakuwa nayo, alikaa kizuizini kwa sababu yetu. Ukweli mtoto alikuwa nao siku ya kwanza, nasi tulikuwa tumeufunika kwa maneno yetu.

Hatukukosa juhudi wala huruma siku ile. Tulichokosa ni ujuzi wa kusikiliza, na ujuzi huo hufundishwa.

Saikolojia ya kisheria ni nini?

Saikolojia ni elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu: namna tunavyokumbuka, tunavyoogopa, tunavyokua na tunavyoamua. Inapotumika katika mambo ya polisi, mahakama na magereza, huitwa saikolojia ya kisheria. Mtaalamu wake si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyo amesomea tiba na huandika dawa. Mwanasaikolojia hupima, huhoji, hushauri na hutibu kwa mazungumzo. Wala si yule mpelelezi wa filamu amtazamaye mtu usoni na kumjua kuwa ni muuaji.

Tukae kidogo juu ya jambo hilo la uso, maana linatuhusu sana mipakani. Wengi wetu huamini kwamba mwongo hujulikana kwa macho yake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi juu ya suala hili, wakakuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa asilimia 54 tu, karibu sawa na kurusha sarafu. Na kwetu sisi kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anaonyesha adabu aliyofunzwa nyumbani. Tukiihesabu adabu kuwa hatia, tutawakamata waliolelewa vizuri na kuwaachia wajanja.

Kumbukumbu si sanduku

Fundisho kuu la elimu hii ni kwamba kumbukumbu ya binadamu haifanani na sanduku ambalo kilichowekwa hutoka kama kilivyoingia. Kila tunapokumbuka, tunajenga upya, na swali tunaloulizwa huwa sehemu ya jengo.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana. Kundi moja la watu 50 likaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani “yalipogongana”. Kundi jingine la watu 50 likaulizwa kwa neno lenye nguvu zaidi, kana kwamba tungesema “yalipopondana”. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno jepesi, watu 7 walisema ndiyo. Katika kundi la neno zito, watu 16. Filamu ile haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Neno moja la mwulizaji lilitosha kuwaonyesha watu kitu ambacho hakikuwapo.

Madhara yake huweza kuwa makubwa. Nchini Marekani, Ronald Cotton alifungwa kwa kosa la kubaka lililotendeka mwaka 1984, baada ya mwathiriwa kumtambua kwa uhakika kamili. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kilithibitisha kwamba si yeye. Mwathiriwa hakudanganya, kumbukumbu yake ilikuwa imepotoka. Miaka kumi ya maisha ya mtu ilipotea, na mhalifu wa kweli hakuguswa kwa kosa hilo muda wote huo.

Kutokana na utafiti wa namna hii zimezaliwa njia bora za kuhoji. Katika miaka ya 1980 Ronald Fisher na Edward Geiselman walitunga mahojiano ambayo humrudisha shahidi kwenye mahali na hali ya tukio, kisha humwacha asimulie mwenyewe bila kukatizwa. Uingereza ilianza mwaka 1992 kuwafundisha polisi wake mtindo wa kuhoji unaotafuta habari za kweli badala ya kushurutisha mtu akiri. Kwa Kiswahili chetu, tofauti ni hii: badala ya kusema “Alikutisha, sivyo?”, mwulizaji husema “Nieleze yote unayoyakumbuka tangu ulipotoka nyumbani”, kisha hunyamaza.

Njia ya masomo

Kijana wa Burundi huanza kwa kufaulu mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya sekondari. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, hufundisha saikolojia pamoja na sayansi za elimu. Kwa mfumo unaotumika sasa, shahada ya kwanza huchukua miaka 3, ya uzamili miaka 2, na ya udaktari miaka 3.

Shahada ya kwanza huweka msingi: makuzi ya mtoto, kumbukumbu, magonjwa ya akili, mbinu za utafiti na takwimu. Vijana wengi huzikimbia takwimu. Tunawashauri wasizikimbie, kwani bila hizo mtaalamu hawezi kutofautisha ushahidi na uvumi. Anayelenga mambo ya mahakama aongeze sheria ya jinai na elimu ya uhalifu, na atafute mazoezi ya kazi mahali wanapohudumiwa watu walioumizwa. Katika nchi ambako taaluma hii imekomaa, kama Uingereza, mtu haruhusiwi kujiita mwanasaikolojia wa kisheria mpaka awe na shahada za saikolojia, afanye kazi chini ya msimamizi, kisha asajiliwe. Safari ni ndefu kwa sababu ripoti yake yaweza kumfunga mtu au kumwachia huru.

Watoto wa mipakani wana akiba ambayo wengi hawaihesabu, nayo ni lugha. Masomo ya chuo huendeshwa kwa Kifaransa, lakini mwathiriwa hulia kwa lugha ya mama yake. Mtaalamu anayesikia Kirundi, Kiswahili, Kiha au Kifuliiru husikia yale ambayo mkalimani hupunguza.

Kazi zinazotokana nayo

Kazi ya kwanza ni kuwahudumia walioumizwa. Mjini Bujumbura kituo cha Seruka huwapokea waathiriwa wa ukatili wa kingono. Mjini Gitega kipo kituo cha Humura. Ng'ambo ya mpaka, mjini Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 huunganisha tiba ya mwili, msaada wa kisaikolojia na msaada wa kisheria. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 29 Oktoba 2014 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na ile ya tarehe 22 Septemba 2016 dhidi ya ukatili wa kijinsia. Sheria hizo hupata nguvu pale mwathiriwa anapoweza kusema bila kuumizwa mara ya pili.

Ya pili ni kazi ya watoto waliokosana na sheria. Kwetu, aliye chini ya miaka 15 hawajibiki kwa jinai, na vituo vya Ruyigi na Rumonge vimewekwa ili waliozidi umri huo wasichanganywe na watu wazima gerezani. Huko anahitajika mtu wa kuuliza kwa nini mtoto aliiba, na nini kifanyike asiibe tena.

Ya tatu ni kuishauri mahakama. Hakimu akiwa na shaka juu ya akili ya mshtakiwa, huomba maoni ya mtaalamu. Hapa Bujumbura, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge ni mahali pa kujifunza hali za wagonjwa wa namna hiyo. Tanzania, taasisi ya Isanga mjini Dodoma huwatunza watu waliotenda makosa wakiwa wagonjwa wa akili.

Zipo nyingine pia: kuwasaidia wafungwa wajiandae kurudi nyumbani, kuwahudumia wakimbizi na wanaorejea nchini, kufundisha vyuoni, na kuwafunza polisi namna ya kuhoji. Tena polisi wenyewe huona maiti, ajali na watoto walioumizwa. Nao wanahitaji wa kuwasikiliza. Tusiwafiche vijana kwamba ajira hizi bado si nyingi, na kwamba kazi yenyewe huchosha moyo. Lakini haja ipo kila siku.

Tufanye nini tunapongojea wataalamu?

Mzazi, mwalimu au kiongozi wa kilima atakayempokea mtoto aliyetendewa uovu ampe kwanza usalama na maji ya kunywa. Amsikilize mara moja, asimpe majibu mdomoni, asimwahidi siri asiyoweza kuitunza. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, hata kama hayana mpangilio, kisha amfikishe kituo cha afya na polisi bila kuchelewa. Asikusanye majirani kumhoji. Nasi polisi tuna wajibu uleule, na mwananchi ana haki ya kutukumbusha.

Maswali ya kujadili nyumbani na shuleni

1. Kwa nini kesi ya msichana tuliyemtaja ilianguka ingawa kila aliyemwuliza alikuwa na nia njema?
2. Katika desturi zetu, ni ishara zipi za adabu zinazoweza kudhaniwa kuwa ishara za hatia?
3. Geuza swali hili liwe la wazi: “Mtu yule alikuwa na kisu, sivyo?”
4. Ni kijana gani katika jirani yako anayejua kunyamaza na kusikiliza? Je, umewahi kumwambia kwamba kipaji hicho kina shule yake?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kosa letu limetufundisha kuongeza kwamba kuuliza vibaya huweza kuua haki. Msichana yule sasa ni mtu mzima. Hatuwezi kumrudishia siku ile ya kwanza, lakini twaweza kuwaandaa watakaompokea mtoto mwingine kama yeye.