Hatua moja, alama moja: pampu ya mgodi na kitenzi cha Kiswahili

Shimo la KOV hapa Kolwezi lilikaa miaka limejaa maji wakati Gécamines ilipodhoofika, na ilibidi maji yatolewe kwanza ndipo uchimbaji urudi. Tuchukue basi pampu ya mgodi, ya kubuni, inayojiendesha bila saa: boya la juu likiinuka huanza, la chini likishuka huzima. Saketi za namna hii hazingoji mdundo wa saa. Kila badiliko hupita mara linapotokea.

Pampu yetu ina hali nne: kusubiri, kuanza, kusukuma, kuzima. Kumbukumbu yake ni biti mbili. Mwanafunzi atazisimba kwa kuhesabu tu: 00, 01, 10, 11. Kwenye karatasi ni safi. Lakini kutoka kuanza (01) hadi kusukuma (10) biti zote mbili hubadilika, na hakuna nyaya mbili zenye kasi sawa kabisa. Ya kulia ikitangulia, saketi inajiona 00, inasubiri, kumbe maji yako juu. Itaanza tena na tena. Ya kushoto ikitangulia, inajiona 11, na pampu inazimwa huku maji yanapanda. Wahandisi huita jambo hili mashindano. Nami naona neno linafaa, kwani mshindi ndiye anayeamua hali.

Sasa tulinganishe na ukanushi. «Watasoma» huwa «hawatasoma»: alama moja imeongezwa. «Tulisoma» huwa «hatukusoma»: ha- inaingia na -li- inaipisha -ku-. Anayeishia katikati husema «hatulisoma», na msikilizaji hulikataa mara moja. (Natumia Kiswahili sanifu cha darasani, cha mitaani kwetu, chenye «batoto» na «niko nasoma», kina hesabu yake.) Lugha ina maumbo mengi yasiyotumika, kwa hiyo kosa hujulikana. Saketi yetu haina hata moja: kila mchanganyiko wa biti ni hali halali, na kosa huonekana kama ukweli.

Dawa ni kupanga upya: kusubiri 00, kuanza 01, kusukuma 11, kuzima 10. Kila hatua, pamoja na ile ya kurudi mwanzo, hugusa biti moja, na mashindano hayapo. Mpangilio huu hujulikana kwa jina la Frank Gray wa Bell Labs, aliyepata hataza yake mwaka 1953. Mwaka uliofuata David Huffman alichapisha mbinu zake za kubuni saketi zenye kumbukumbu. Je, dharura ikidai kutoka 11 moja kwa moja hadi 00? Ipitishwe 10. Hatua zinakuwa mbili, lakini kila moja ina jibu moja tu.

Ukiongeza hali ya tano, hitilafu, biti mbili hazitoshi. Ya tatu inaleta nafasi nane, na tatu zinabaki tupu. Hizo ndizo «hatulisoma» za saketi, na mbunifu aziandikie njia: yoyote ikijitokeza, iende kwenye hitilafu, kengele ilie.