Kununua, Kunakili na Kupiga Muziki: Mlaji na Hakimiliki



Muhula unapokaribia, mzazi wa Kasulu huingia mjini kutafuta vitabu vya kiada. Huenda akaonyeshwa kitabu kilichotolewa nakala na kubanwa kwa pini. Bei yake ni ndogo, lakini ramani zimefifia, kurasa mbili hazimo, na stakabadhi haitolewi. Akikinunua, mtoto hukosa somo, mzazi hana pa kudai fedha zake, na mwandishi hapati chochote kwa jasho lake. Rahisi imekuwa ghali.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoibuni kazi yake, bila sharti la kuisajili. Haki zake za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert, kwa mfano, alifariki mwaka 1962; kwa hesabu hiyo muda huo ulikwisha mwaka 2012. Hata hivyo, dibaji au michoro mipya iliyoongezwa katika toleo la karibuni inaweza kuwa na mwenyewe.

Sheria hiyo haikumsahau mlaji. Bila kuomba kibali, unaweza:

(a) kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yako binafsi tu, isipokuwa programu za kompyuta;

(b) kunukuu kwa kiasi kinachostahili, ukitaja chanzo na jina la mtunzi;

(c) kutumia maandiko ya sheria na hukumu za mahakama, kwa kuwa hayana hakimiliki.

Zingatieni neno “binafsi”. Mwanachuo anayenakili kurasa chache ili ajisomee yumo ndani ya ruhusa. Mwenye duka anayerundika nakala za kitabu hicho ili aziuze hayumo. Vivyo hivyo, kijana wa Kibondo anayewajazia wateja nyimbo katika kadi za simu kwa malipo anauza mali ya mtu mwingine, asipokuwa na kibali.

Kununua santuri au kupakua wimbo kihalali hukupa haki ya kuusikiliza nyumbani. Mwenye baa, hoteli au basi la abiria anayewapigia wateja wimbo huo anahitaji leseni, kwa sababu hapo muziki unatumika hadharani.

Kwa hiyo tunawashauri:

1. Kagueni jina la mchapishaji, mwaka wa toleo na ukamilifu wa kurasa kabla ya kulipa.

2. Daini stakabadhi na kuitunza.

3. Kitabu kikiwa ghali, wazazi wawili wachangie nakala moja halali, au ulizeni maktaba ya shule.

4. Mkiwa na shaka, ulizeni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kabla ya kunakili, si baada ya kushtakiwa.

Miongoni mwa watoto wa Kasulu na Kibondo wamo watunzi wa kesho. Haki tunayoilinda leo ndiyo watakayoitegemea wao.